Mahindi ya Bei ya Idd

Chausiku alikabidhiwa ufunguo wa duka la kijiji cha Kwedigongo mwezi wa Machi mwaka 1974, kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa amefaulu mtihani wa kusoma wa ngumbaru kuwapita wanaume wote wa kijiji. Pili, hakuna mtu aliyewahi kumkuta na uongo. Mwenyekiti alisema hivyo mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi, na mumewe Rehani akainama akawa anachora chini kwa kidole ili watu wasimwone anavyotabasamu.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati. Ndani mlikuwa na chumvi, viberiti, sabuni ya mche, mafuta ya taa, na sukari ilipopatikana. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mabondeni na vilimani walikokaa tangu babu zao, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara inayoelekea Segera. Wengi walikuwa bado wanarudi mashamba ya zamani kwa miguu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Chausiku alilichukua duka lile kama kazi ya ibada. Mtu akija kununua mafuta, alimpa kibaba akishike mwenyewe. "Tazama hadi kwenye ukingo," alikuwa akisema. "Kikipungua, niambie sasa hivi, usiende kunung'unika nyumbani. Na kitu kikiwa kibovu kirudishe. Hiyo ni haki yako, sikufanyii hisani." Wazee walimcheka kidogo, lakini walimpenda. Mdogo wake, Fatu, aliyekaa na mumewe na watoto nyumba ya tatu kutoka dukani, alikuwa akimwita Bwana Jaji.

Mwaka ule masika hayakunyesha vya kutosha. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Serikali ilileta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, lori likaja mara ya kwanza, likaja mara ya pili, halafu halikuja tena. Ramadhani iliingia watu wakifuturu muhogo na majani ya kunde. Ilipobaki siku mbili kufika Idd, kamati ya kijiji ilikutana, ikatoa fedha zote zilizokuwa kwenye kisanduku, ikamwambia Chausiku aende Korogwe akatafute chakula chochote.

"Watoto wasile Idd muhogo," mwenyekiti alisema. "Ukipata mahindi, nunua. Ukipata mchele, ndiyo heri zaidi."

Aliondoka alfajiri ya mkesha wa Idd, akafika Segera jua likiwa limechomoza, akapata basi la Korogwe. Mjini palikuwa na msongamano ambao hakuutarajia katika mwaka wa njaa. Madukani kulitundikwa khanga mpya na kanzu za watoto. Wenye maduka walikuwa wameweka vibao vya chaki mlangoni, kila mmoja akitangaza kuwa ameshusha bei kwa ajili ya sikukuu. Chausiku aliingia duka la kwanza, la pili, la tano. Khanga zilikuwepo, viatu vilikuwepo. Chakula hakikuwepo. Kwenye ghala la serikali karani alimwambia arudi baada ya Idd.

Karibu na saa sita akaona watu wamejazana mbele ya duka la Athuman.

Athuman alijulikana. Alikuwa na leseni ya kuuza majembe, mapanga, dawa za wadudu na mbegu, na upande mmoja wa duka aliweka nguo. Siku hiyo kibao chake kiliandikwa kwa herufi kubwa: BEI YA IDD. SIKU TATU TU. LEO MWISHO. Watu walikuwa wanaingia mlango wa mbele na kutokea uani, na wale waliotoka uani walikuwa wamejitwisha mahindi.

Chausiku alisukumana hadi akafika uani. Palikuwa na magunia ya katani yamepangwa ukutani, na Athuman amesimama katikati, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma na kalamu sikioni. Alipomsikia Chausiku akiuliza, alimgeukia akamsalimia kwa Kizigua.

"Wewe ni wa kwetu," alisema. "Unatoka upande gani?"

Chausiku alimwambia. Athuman akamtaja mjomba wake mmoja wa Kwedigongo, akauliza habari za mvua, akasikitika. Chausiku alihisi moyo wake unatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ni mahindi gani haya, kaka?"

"Ya ng'ambo. Yale ya njano umeyaona. Haya ni aina nyingine, mekundu mekundu kidogo. Wenzetu huko mahindi yao yana rangi nyingi."

Chausiku aliingiza mkono kwenye gunia lililofunguliwa. Mahindi yalikuwa makubwa, mazuri, punje moja kama nyingine. Alipoutoa mkono, kiganja kilikuwa na vumbi la rangi ya waridi, na lilikuwa na harufu kali kama ya dawa za dukani.

"Na hili?"

"Vumbi la gunia. Meli ilibeba mahindi pamoja na mapipa ya rangi. Yaoshe mara mbili, basi." Athuman alimtazama usoni bila kupepesa. "Dada, mimi sikulazimishi. Lakini bei hii inaisha leo. Ukienda kuuliza kwingine, ukirudi hutayakuta."

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Mwanamume mmoja alikuwa tayari ameshika gunia alilolitaka Chausiku. Chausiku alifikiri juu ya kisanduku kitupu cha kijiji na watoto wanaomngoja barabarani. Akasema anachukua magunia manne.

Athuman alitaka kupokea fedha na kumhudumia mwingine, lakini Chausiku hakuondoka.

"Nataka risiti."

"Bei ya sikukuu hatuandiki risiti, dada. Ona watu walivyo."

"Mimi sinunui vya kwangu. Ni mali ya kijiji. Bila risiti siondoki."

Athuman alimtazama muda kidogo, akatabasamu, akatoa kitabu. Aliandika haraka, akagonga muhuri, akamkatia karatasi. Chausiku aliitazama. Aliona tarehe. Aliona namba nne. Aliona jina la kijiji. Yaliyobaki yalikuwa maneno mawili matatu ya Kiingereza, yenye herufi anazozijua, lakini kila alipoziunganisha hazikutoa neno.

Alinyanyua uso ili aulize. Nyuma yake mwanamke mmoja aliyevaa viatu vya kisigino alisema kwa sauti, "Mama, unaisoma au unaitazama tu? Tupishe na sisi." Watu wakacheka. Athuman naye alicheka, kwa upole.

Chausiku aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akaenda kutafuta lori.

Alipofika kijijini watu walipiga vigelegele. Mahindi yaligawanywa jioni ile ile kwa kila nyumba, yatwangwe kwa uji wa Idd, na Chausiku akamwambia kila mmoja, "Yaoshe mara mbili, yana vumbi." Kwa nini yaoshwe mara mbili, hakusema. Nyumbani alichukua konzi moja akaliosha kwenye sufuria. Maji yakawa mekundu. Akaosha tena, yakawa ya waridi. Mara ya tatu yalikuwa na rangi bado.

Rehani aliyatazama yale maji. "Umeambiwa ni nini?"

"Rangi ya melini."

"Na wewe unaonaje?"

Chausiku alimwaga maji nje. "Naona yameshafika kwa watu," alisema. "Na wamefurahi."

Rehani hakuuliza tena. Baadaye alijilaumu kwa hilo maisha yake yote, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumlaumu yeye. Fungu lao la mahindi hawakulila. Si kwa sababu ya hofu. Wao walikuwa wawili tu, hawakuwa na mtoto, na muhogo ulikuwa bado upo. Chausiku alilibeba lile fungu akalipeleka kwa Fatu, aliyekuwa na watoto wanne.

"Ni Idd yenu," alimwambia.

Fatu alimkumbatia. "Bwana Jaji leo ametoa hukumu nzuri," alisema.

Siku ya Idd watu waliamka mapema. Watoto walioga, wakavishwa nguo zilizofuliwa, na kabla ya kwenda kuswali wakapewa uji. Mwezi mzima hapakuwa na uji mzito namna ile. Mwanaidi, binti wa pili wa Fatu, mwenye miaka saba, aliyepewa jina hilo kwa kuzaliwa siku ya Idd, aliomba bakuli la pili akapewa.

Swala ilikuwa haijaisha aliposikika mtu anapiga kelele upande wa nyumba za chini. Ilikuwa nyumba ya Mzee Mbaruku. Mzee alikuwa ameanguka mlangoni, mwili unatetemeka wote, povu mdomoni. Waliomzunguka walidhani ni kifafa. Halafu kelele zikatoka nyumba nyingine, na nyingine. Kabla jua halijafika juu, watu ishirini na zaidi walikuwa wamelazwa kwenye mikeka chini ya ukuta wa shule, wengine wanatapika, wengine wamekakamaa miguu na mikono, meno yameumana.

Chausiku alipofika kwa Fatu alimkuta amemshika Mwanaidi mapajani. Mtoto alikuwa anaruka kama anapigwa na kitu kutoka ndani. Fatu mwenyewe alikuwa anatapika pembeni bila kumwachia.

"Dada, ana nini? Dada, ana nini?"

Chausiku alijua. Alijua palepale, akakaa chini.

Mwanaidi alikufa kabla lori halijapatikana. Mdogo wake Kibwana, wa miaka mitatu, alifia njiani, baada ya kupita Segera, mikononi mwa Chausiku, kwa kuwa mama yake alikuwa amelazwa sakafuni mwa lori hajitambui. Mzee Mbaruku naye alikufa, na wengine wawili. Watu watano. Waliobaki waliokolewa hospitalini Korogwe.

Daktari alimwuliza Chausiku walikula nini. Chausiku alifungua pindo la khanga. Mbali na ile risiti, alikuwa amefunga humo konzi la mahindi, bila kukumbuka ni wakati gani aliyachukua. Daktari aliweka punje chache kwenye bakuli la maji, akazinusa, akamwonyesha mwenzake.

"Haya yametiwa dawa ya wadudu," alisema. "Ni mahindi ya kupanda. Mtu aliyaosha ili rangi itoke, lakini dawa haitoki kwa kuosha. Nani aliwauzia?"

Walizika watano siku moja. Fatu hakuwepo, alikuwa bado hospitalini na watoto wake wawili waliobaki.

Siku ya tatu ya matanga, Athuman alifika. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia hospitali. Alikuja na gari dogo la kukodi na gunia la mchele, amevaa kanzu nyeupe, akapita kwa kila mfiwa akimpa pole. Wanaume walimpokea kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya. Kisha alisimama katikati ya uwanja, akafuta macho.

"Ndugu zangu," alisema, "moyo wangu umevunjika. Mimi nina leseni ya kuuza mbegu. Nimeuza mbegu kwa vijiji vingi, vuli hii inakuja. Ndugu yetu huyu alikuja kwangu, nikamuuzia mbegu. Nikamwandikia kabisa. Sikujua kama atakwenda kuwapa watu wale."

Chausiku alisogea mbele.

"Uongo," Chausiku alisema. "Ulisema ni chakula. Ulisema ni ya ng'ambo."

"Dada, risiti unayo?"

Chausiku aliitoa. Mwenyekiti aliichukua, akaitazama, akampa Mwalimu Yordani wa shule ya msingi, ambaye pekee pale alijua Kiingereza. Mwalimu Yordani aliisoma kimya. Akaisoma tena. Uso ukambadilika.

"Soma kwa sauti," mwenyekiti alisema.

"Inasema hivi. Mahindi ya mbegu. Yametiwa dawa. Hayafai kuliwa. Magunia manne. Kijiji cha Kwedigongo. Na muhuri."

Hakuna aliyelia. Walimgeukia Chausiku tu, mmoja mmoja. Mjane wa Mzee Mbaruku ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa na karatasi hii wakati wote?"

"Nilikuwa nayo, mama."

"Na unajua kusoma. Ndiyo sababu tulikupa duka."

Chausiku alitaka kusema kuwa hicho ni Kiingereza, kwamba hata wao wasingeweza. Lakini alijua kuwa hilo silo waliloliuliza. Walikuwa wanauliza kwa nini hakumwuliza mtu.

Athuman alipokuwa anaondoka alimkuta Chausiku nyuma ya duka. Aliongea naye kwa Kizigua, taratibu, kama ndugu.

"Usijiumize bure. Ukienda mbele, ni wewe utakayeonekana umeua. Karatasi ni hiyo. Nyamaza, useme ulichanganya, bahati mbaya. Mimi nitaleta mchele magunia kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Kijiji kitakula. Watu watasahau."

"Fatu atasahau?"

Athuman aliingia garini.

Usiku huo mwenyekiti na wajumbe wawili walimshauri Chausiku akubali. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wenye njaa, na magunia kumi ya mchele yalikuwa magunia kumi. Asubuhi Chausiku alimwambia Rehani, "Ninakwenda Korogwe." Rehani alivaa viatu vyake, akasema, "Twende."

Afisa biashara wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Biashara, jina lake Fabiani, alikuwa kijana mnyamavu mwenye miwani. Aliwasikiliza hadi mwisho, akaishika risiti karibu na dirisha.

"Nitakuambia ukweli, mama," alisema. "Huyu mtu anajua anachofanya. Muuzaji akikuuzia kitu kibovu, sheria iko upande wako. Lakini hapa ameandika kwamba si chakula. Mahakamani atasema: nilimwonya kwa maandishi, yeye akapokea. Una shahidi aliyemsikia akisema ni chakula?"

"Uani kulikuwa na watu wengi."

"Watakuja?"

Wale walionunua uani siku ile, hata waliokuwa na wagonjwa nyumbani, walijua kuwa biashara ya mahindi nje ya ghala la serikali si halali. Nani angejitokeza kusema nami nilinunua?

"Basi nitafutie kitu kingine," Fabiani alisema. "Mtu anayeuza mbegu kama mbegu, huziuza kwenye mifuko yake, yenye alama ya hatari. Wewe ulipewa gunia gani?"

"Gunia la katani. Lilikuwa na maandishi ya sukari."

Fabiani aliweka kalamu chini. "Hilo gunia liko wapi?"

"Dukani kwangu. Yote manne."

"Usimpe mtu yeyote. Na kama kuna mtu aliyeona mahindi yakitolewa mfuko mmoja na kutiwa mwingine, nitafutie huyo."

Walitoka wakaenda kusimama kwenye mtaa wa duka la Athuman. Duka lilikuwa limefungwa. Ubavuni mwake palikuwa na duka dogo la vitambaa, na ndani mama wa Kihindi mwenye umri mkubwa alikuwa anakunja majora. Chausiku aliingia, akampa shikamoo. Mama yule, ambaye watu walimwita Mama Noorjahan, aliitika bila kutazama juu.

"Mimi ni wa Kwedigongo," Chausiku alisema. "Kwetu wamekufa watu watano."

Mikono ya Mama Noorjahan ilisimama.

"Najua," alisema.

"Uani kwako na uani kwa Athuman ni ukuta mmoja. Nimekuja kukuuliza kama uliona kitu."

"Mimi sioni kitu. Mimi ni mjane. Nyumba hii si yangu tena, serikali imechukua, napanga tu chumba hiki. Nikisema neno juu ya Mwafrika mwenzako, kesho watasema nini juu yangu? Nenda mama, tafadhali."

Chausiku hakuenda. Hakubishana pia. Alisimama pale mezani, na kwa kuwa hakujua la kusema, akasema ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mimi niliona vumbi mkononi. Nikanusa harufu. Risiti ilikuwa ya Kiingereza, sikujua imesema nini, nikaona haya kuuliza kwa sababu watu walinicheka. Nikawapelekea watu. Mtoto wa mdogo wangu alifia mikononi mwangu. Mimi nitasema hayo yote mbele ya hakimu, na watu wa kijiji chetu watasikia. Lakini peke yangu haitoshi."

Mama Noorjahan alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mnene, na alikaa kwa shida. Alijifuta uso na pindo la mtandio.

"Wiki nzima kabla ya Idd," alisema, "maji ya kwenye mtaro wetu yalikuwa mekundu. Kuku wangu watatu walikunywa, wakafa. Nilipanda ngazi kutazama. Walikuwa wanaosha mahindi kwenye mapipa, wanaanika kwenye turubai. Mifuko yenye picha ya fuvu walikuwa wanaitupa kwenye shimo la choo cha zamani. Nilijua. Nikasema, si kazi yangu. Mimi sili mahindi."

Chausiku alimrudia Fabiani na habari hiyo, naye akaenda na polisi mchana ule ule. Kwenye shimo la zamani walitoa mifuko thelathini na saba ya mbegu, mitupu, yenye picha ya fuvu. Kwenye turubai iliyokunjwa stoo palikuwa na madoa ya waridi. Athuman alikamatwa kwa mkwe wake huko Kerenge siku mbili baadaye.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Februari. Chumba kilijaa. Watu wa Kwedigongo walikuja kwa lori, na Fatu alikuwa miongoni mwao, amekonda, ameketi benchi la nyuma na mumewe. Tangu atoke hospitalini alikuwa hajaongea na dada yake. Chausiku alikuwa amekwenda kwake mara nne, na mara nne mlango ulifungwa taratibu, bila matusi.

Wakili wa Athuman alikuwa mtu wa maneno laini.

"Mama, wewe unajua kusoma?"

"Kiswahili, bwana. Kiingereza sijui."

"Ulipoona huelewi kilichoandikwa, ulimwuliza mteja wangu?"

"Hapana."

"Ulimwuliza mtu mwingine yeyote? Njiani? Kijijini? Mna mwalimu."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Chausiku alishika ukingo wa kizimba. "Niliona haya," alisema. "Nilikuwa nimesifiwa kwamba najua kusoma. Sikutaka watu wajue kuwa kuna nisichokijua."

"Na uliona rangi kwenye maji?"

"Niliona. Niliosha mara tatu, bado ilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wakili aligeuka kuwatazama watu, kama aliyemaliza kazi yake. Lakini Chausiku alikuwa hajamaliza.

"Bwana hakimu," alisema, "mimi nimekosa, na nitaulizwa na Mungu. Lakini yeye aliyaosha. Mtu anayeuza mbegu haoshi dawa yake. Aliyaosha ili mimi nisione, akayatia kwenye gunia la sukari ili mimi nisijue, akaandika kwa lugha nisiyoijua ili akiulizwa awe ameandika. Mimi nilitakiwa kuuliza. Na yeye alitakiwa kunijibu."

Mama Noorjahan alitoa ushahidi baada yake, kwa sauti ndogo ambayo hakimu alimwomba aipandishe mara mbili. Mifuko ilionyeshwa. Athuman alihukumiwa kifungo cha miaka saba na leseni yake ikafutwa. Watu walipotoka nje hakuna aliyeshangilia. Mjane wa Mzee Mbaruku alimpita Chausiku mlangoni, akamgusa bega, akaendelea na safari yake.

Kijijini Chausiku aliurudisha ufunguo. Mwenyekiti alisema si lazima. Chausiku aliuweka juu ya meza, akaondoka.

Mwezi wa Machi, mume wa Fatu alipata barua ya ruhusa ya kuhamia kwa ndugu zake Kwamndolwa. Asubuhi ya kuhama, Chausiku aliamka, akaenda, akasimama nje ya nyumba yao bila kubisha hodi. Walikuwa wanatoa vyombo. Fatu alitokea na kitanda cha kamba alichokuwa anakiburuta peke yake. Alimwona dada yake, akasimama.

"Uliona maji mekundu," Fatu alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Idd. "Uliyaona jioni. Ulikuja kwangu jioni ile ile na fungu lako."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu. Neno moja. Ningeamua mwenyewe."

"Ndiyo, Fatu."

"Mahakamani ulisema kweli. Nilisikia. Siwezi kusema hukusema." Fatu alivuta pumzi. "Lakini siwezi kukutazama, dada. Nikikutazama namwona Mwanaidi anaomba bakuli la pili."

Chausiku aliinama, akashika miguu ya kitanda upande wa pili. Fatu alisubiri kidogo, kama anayetaka kumwambia aache, halafu akanyanyua upande wake. Walikibeba pamoja hadi barabarani, hatua mia mbili hivi, bila kuzungumza, wakakiweka kando ya masanduku. Watoto wawili waliobaki walikuwa wamekaa juu ya mzigo. Mkubwa alimwamkia mama yake mkubwa, na Chausiku akaitika.

Basi lilipofika walisaidiana kupakia. Fatu alipanda mwisho. Dirishani aligeuza uso upande wa pili, akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, na basi likaondoka kuelekea Segera.

Chausiku alibaki barabarani hadi vumbi lilipotulia. Kisha alirudi kufagia nyumba ya mdogo wake, kwa kuwa watu wengine wangehamia siku ya pili.